Mama anakuja Ujerumani: bima na simu viandaliwe kabla hajapanda ndege

Mimi ni muuguzi hapa Hamburg. Ndugu na marafiki wakitaka kuwaleta wazazi kutembea, wengi hunipigia kuuliza bima ipi ni ya bei nafuu. Mimi huwarudishia swali: mama ana presha? Ana sukari? Tuanzie hapo.

Viza ya Schengen, yaani ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, inadai bima ya angalau euro 30,000, inayokubalika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, na inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani akiugua au, Mungu apishe mbali, akifariki. Bima ya bei ya chini kabisa inaweza kutimiza hayo yote na ubalozi ukaipokea. Kasoro iko kwenye masharti ya maandishi madogo, penye habari ya ugonjwa aliokuwa nao kabla ya safari. Bima nyingi haziugusi kabisa. Nyingine hulipa pale tu hali inapobadilika ghafla. Kwa hiyo mwandikie wakala barua pepe, bila kuzunguka: "Mama yangu ana presha na anatumia dawa kila siku. Ikipanda ghafla akalazwa, mtalipa?" Jibu la mdomo usilikubali, taka la maandishi. Wakisema hapana, ongeza hela utafute nyingine, maana siku chache tu za kulazwa huku ni maelfu ya euro. Uliza pia kama hela inarudishwa viza ikikataliwa, na ongeza siku mbili tatu mwishoni, ndege huahirishwa.

Namba ya msaada ya saa 24 iliyo kwenye karatasi ya bima iandikwe kwenye simu yake na pia kwenye kikaratasi ndani ya pasipoti. Kampuni nyingi hutaka zipigiwe kabla mgonjwa hajalazwa, na zikijua mapema huweza kumalizana na hospitali zenyewe. Lakini kifua kikimbana, bima ingoje: piga 112. Homa ya Jumamosi usiku ni ya 116117, namba ya daktari wa zamu Ujerumani nzima. Ukilipa mfukoni, usitoke bila risiti na ripoti yenye jina lake, tarehe na ugonjwa. Dawa zake zije ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa yenyewe na kipimo, kwa sababu majina ya kibiashara ya nyumbani huenda huku hayajulikani.

Sasa simu. Laini yake ya Tanzania isitolewe, maana ujumbe wa benki huingia humo. Aombe roaming, yaani laini ifanye kazi nje ya nchi, kwa mtandao wake kabla ya safari, kisha kwenye mipangilio azime data ya laini hiyo, abaki na SMS tu. Intaneti itoke kwenye eSIM, laini ya kidijitali isiyo na kadi. Piga *#06# kwenye simu yake: ikionekana namba ya EID, simu inakubali eSIM. Iwekeni akiwa bado nyumbani Tanzania, penye WiFi, maana kuiweka kwenyewe kunahitaji intaneti. WhatsApp ikiuliza kama abadilishe namba, abaki na ya zamani, la sivyo shangazi zake wote watampoteza.

Simu isiyo na eSIM itahitaji laini ya hapa. Tangu 2017 laini za kulipia kabla husajiliwa kwa kitambulisho, na usajili wa video haupokei pasipoti zote, kwa hiyo nenda naye kwenye duka linalosajili papo hapo.

Na mkipanga kumtembeza, jueni kwamba mipaka ya bima na ya data haifanani. Laini ya Ujerumani hutumika Ufaransa au Austria kwa bei ile ile ya Ujerumani, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya. Uswisi imo Schengen, kwa hiyo bima inamfuata, lakini haimo kwenye sheria hiyo ya simu. Mkienda Zürich kwa treni, zimeni data kabla ya Basel, mji wa mpakani, au nunueni kifurushi kinachoitaja Uswisi kwa jina.