Mambo ya Kuyatengeneza Kabla ya Kwenda Udzungwa

Aliyezoea msitu wa Jozani wa hapa kwetu Unguja, ambako njia ni tambarare na kima punju humpita mgeni karibu kabisa, asijipime kwa msitu huo anapokwenda Udzungwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoko Bara, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, hutembelewa kwa miguu, na kilele chake cha Luhombero kina zaidi ya mita 2,500.

Vaeni viatu vya kufunga, si kandambili. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa kuwa kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Msiende wakati wa masika, maana njia ya kupandia maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, huteleza vibaya.

Linalopuuzwa na watu wa visiwani ni malaria. Kwetu ugonjwa huu umepunguzwa mno, hata vijana wengi wamekua bila ya kuuugua, na kwa hivyo miili yao haina ile kinga aliyonayo mtu aliyeugua mara kwa mara tangu utotoni. Mang'ula, ambako wageni hulala, ipo chini ya mlima, kando ya bonde la Kilombero lenye mashamba ya mpunga na miwa, na mbu wake si wa mzaha. Kijana mmoja wa mtaani kwetu tuliyefuatana naye alikikuta chandarua cha nyumba ya wageni kina tundu la kupita ngumi, akakisukuma pembeni na kulala kifua wazi. Nilipomkanya alinijibu, "Ami, malaria si imeshakwisha?" Alirudi Unguja mzima. Wiki ya pili homa ikamshika. Mama yake akaona ni uchovu wa safari, akawa anampa panadoli na uji, mpaka usiku wa tatu alipoanza kusema maneno yasiyoungana ndipo akakimbizwa hospitali. Daktari aliuliza kwanza kama mgonjwa ametoka Bara, suali ambalo nyumbani hakuna aliyelifikiria. Alipona kwa sindano, na watu wa afya wakaja hadi nyumbani kuwapima wote waliomo.

Basi nunueni chandarua chenye dawa hapa hapa, mkibebe pamoja na sindano na uzi. Jioni vaeni mikono mirefu. Muoneni daktari mapema kuhusu dawa za kinga, hasa mja mzito na mwenye watoto. Homa yoyote itakayotokea katika wiki za baada ya kurejea ipimwe siku hiyo hiyo, na mpimaji aelezwe mlikotoka.

Mengine ni ya kawaida: msimtangulie mwongoza njia, kwani tembo na nyati wamo, msiwape nyani chakula, soksi zivutwe juu ya suruali kwa ajili ya siafu, na tiketi ya boti ya kurudi isiwe ya siku ile ile ya kuteremka mlimani, kwani njia ya kutoka Mang'ula hadi Dar es Salaam, kupitia Mikumi, ni ndefu.