Jinsi ya kupanga likizo ya kutembea kwa miguu kutoka San Gimignano hadi Montepulciano

Kati ya San Gimignano na Montepulciano, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, msafiri anaweza kutembea kwa miguu kwa zaidi ya wiki moja, akipita kandokando ya mashamba ya mizabibu mchana na kulala kila usiku katika mji wenye historia ya karne nyingi. Sehemu kubwa ya safari hiyo hufuata Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji waliokuwa wakienda Roma. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliipita mwaka 990, na orodha ya vituo 79 vya safari yake ya kurudi ndiyo iliyoiwezesha njia hiyo kutambuliwa upya katika zama zetu. Leo imewekewa alama nyeupe na nyekundu, wala haihitaji ujuzi wa kupanda milima.

Kinachowaponza wageni wengi ni mpangilio wa siku. Huigawa njia kwa kilomita peke yake, wakaingia mjini jioni miguu ikiwaka moto, milango ya makumbusho imefungwa, na mvinyo mzuri wakaunywa kwa kiu. Ni afadhali kuupanga mpango kuanzia mwisho wa siku kurudi nyuma: amua kwanza kuwa saa 8 au saa 9 mchana utakuwa umeshaoga na kuweka mzigo chini, kisha uchague umbali unaoruhusu hilo. Kwa mtu wa kawaida anayetembea kilomita 4 kwa saa, tena kwenye vilima, hiyo ni kama kilomita 15 hadi 20 kwa siku ikiwa ataanza saa 1 asubuhi.

Wakati wa kwenda

Majira yanayofaa ni mawili: kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, wakati vilima vingali kijani, na kuanzia Septemba hadi katikati ya Oktoba, wakati wa mavuno. Zabibu nyeupe za San Gimignano kwa kawaida hutangulia kuchumwa, na za Sangiovese, ambazo ndizo nyeusi za eneo lote hili, hufuata kuelekea mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Anayekwenda wakati wa mavuno ataona mengi, lakini akumbuke kuwa wenye mashamba wana kazi nyingi na huenda wasiwe na nafasi ya kumpokea. Julai na Agosti hazifai, kwa sababu joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara na njia ina vivuli vichache. Isitoshe, mbio za farasi za Palio hufanyika Siena tarehe 2 Julai na 16 Agosti, na siku hizo kupata chumba mjini ni shida kubwa.

Msafiri anayehitaji viza ya Schengen anaweza kuwasilisha maombi hadi miezi 6 kabla ya safari, na asichelewe kupita siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu inayotakiwa ni ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Kwa kuwa utalala mahali tofauti karibu kila usiku, andaa jedwali moja linaloonyesha tarehe, mji na uthibitisho wa malazi, ili anayelisoma ombi lako asilazimike kuiunganisha safari mwenyewe.

Kuigawa njia

Fika San Gimignano kwa treni hadi kituo cha Poggibonsi, kisha kwa basi. Lala hapo usiku wa kwanza hata kama ungeweza kuanza kutembea siku hiyohiyo, kwa sababu umati wa watalii wa siku moja huondoka jioni na mji hubaki kwa waliolala. Minara iliyosalia ni 14, na inasemekana zamani ilikuwa 72, kila ukoo wenye mali ukijenga wake kushindana na majirani. Tauni ya mwaka 1348 iliupiga mji, na mwaka 1353 ukawa chini ya Firenze. Umaskini uliofuata ndio uliookoa minara, maana hapakuwa na fedha za kuibomoa na kujenga majumba ya mtindo mpya. Mrefu kuliko yote, Torre Grossa, una mita 54 na unaruhusiwa kupandwa. Kutoka juu utaiona njia ya kesho yake ikielekea kusini.

Hatua rasmi kutoka hapo hadi Monteriggioni ni kama kilomita 31, nayo ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza. Igawe karibu nusu kwa nusu kwa kulala Colle di Val d'Elsa, mji wa mafundi wa vioo vya kristali, ambao sehemu yake ya kale imejengwa kwenye kilele chembamba. Siku ya pili utapita Abbadia a Isola, abasia iliyoanzishwa mwaka 1001, kisha utauona ukuta wa Monteriggioni ukiwa umekaa juu ya kilima chake kama taji. Siena iliujenga mwanzoni mwa karne ya 13 ili kuwazuia Wafirenze, na minara yake 14 bado inahesabika. Ndani ya ukuta vyumba ni vichache sana, hivyo weka nafasi hii kabla ya nyingine zote.

Kutoka Monteriggioni hadi Siena ni takribani kilomita 21, sehemu kubwa msituni na mashambani. Utaingia kwa lango la Porta Camollia, ambalo lina maandishi ya Kilatini yanayomwambia mgeni kuwa Siena inamfungulia moyo mpana kuliko lango hilo. Hapa pumzika siku nzima. Uwanja wa Piazza del Campo umetandikwa matofali katika vipande tisa, kwa kumbukumbu ya serikali ya watu Tisa iliyotawala mji ulipokuwa na nguvu. Hatua chache kutoka hapo, pembeni mwa kanisa kuu, kuna ukuta mrefu usio na jengo nyuma yake: ni uso wa kanisa jipya lililoanza kujengwa mwaka 1339, likakwamishwa na tauni ileile ya mwaka 1348. Mkabala na kanisa ni Santa Maria della Scala, iliyokuwa hospitali ya mahujaji na sasa ni makumbusho. Mtembeaji mwenye muda wa kuingia mahali pamoja tu angeingia hapo, kwa sababu ndipo historia ya njia anayoipita ilipohifadhiwa.

Kusini ya Siena mambo hubadilika. Hatua mbili zinazofuata, hadi Ponte d'Arbia na kisha San Quirico d'Orcia, zina takribani kilomita 26 kila moja, na ile ya kwanza hupita kwenye vilima vya udongo wa mfinyanzi visivyo na miti. Ukiwa na siku za kutosha, katiza njia Monteroni d'Arbia na Buonconvento, miji yote miwili ikiwa kwenye reli ya Siena hadi Grosseto. Ukiwa na siku chache, panda treni hadi Buonconvento bila kuona haya; nusu hiyo ya njia ndiyo yenye machache ya kuonyesha. Buonconvento yenyewe ni mji mdogo wenye ukuta wa matofali mekundu, na ndipo Henry VII, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, alipofariki tarehe 24 Agosti 1313.

Udongo huo unastahili tahadhari ya pekee. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji, lakini baada ya mvua ya saa moja hunata chini ya kiatu, kila hatua ikiongeza tabaka, hadi unajikuta umebeba kilo nzima mguuni. Usijaribu kuuondoa kwa kupiga teke hewani, kwani utateleza. Simama, egemea fimbo, uukwangue kwa ncha ya kijiti, na upite kwenye majani ya ukingoni badala ya katikati ya njia. Kama mvua imenyesha usiku kucha, subiri hadi saa 4 asubuhi au uchukue basi.

San Quirico ni mahali pa kuiacha Via Francigena. Njia rasmi huendelea kusini kuelekea Radicofani, hatua ya zaidi ya kilomita 30, ilhali wewe utageuka mashariki. Kabla ya hapo tumia mchana mmoja kwenda Bagno Vignoni, umbali wa kilomita 5 hivi, ambako uwanja wa kati wa kijiji ni bwawa la maji ya moto. Bwawa hilo la kihistoria haliruhusiwi kuogelewa. Mahali pa kuoga pako pembeni. Kutoka San Quirico hadi Pienza ni mwendo wa asubuhi moja, ukipita karibu na kanisa dogo la Vitaleta lililosimama peke yake kati ya miti ya misiprasi. Pienza ilikuwa kijiji kiitwacho Corsignano hadi Papa Pius II, aliyezaliwa hapo, alipomwagiza msanifu Bernardo Rossellino kuanzia mwaka 1459 akifanye kuwa mji wa mfano. Siku ya mwisho hupita kijiji cha Monticchiello na kupanda hadi Montepulciano, ulio kwenye mwinuko wa mita 605. Mpando huo wa mwisho ni mkali, tena unaangukia wakati umeshachoka.

Mvinyo upangiwe saa yake

Kanuni ni moja: kunywa baada ya kutembea. Pombe huongeza upotevu wa maji mwilini na kulegeza umakini, na njia ina mawe na barabara za magari. Weka miadi ya kuonja alasiri, siku moja au mbili kabla, kwa barua pepe au kupitia mwenyeji wako, kwa kuwa mashamba mengi hayapokei mgeni asiye na miadi.

Ukiwa umeketi mbele ya bilauri, iinamishe juu ya kitambaa cheupe kwanza. Sangiovese kijana huwa na rangi nyekundu angavu, na iliyokaa miaka mingi huelekea rangi ya matofali ukingoni. Zungusha, nusa, kisha uchukue funda dogo uliache lienee mdomoni. Ule ukavu unaobana ufizi kama chai kali unatokana na maganda na mbegu, na hupungua mvinyo unapokomaa. Kutema kwenye chombo kilichowekwa si utovu wa adabu, bali ni desturi ya wanaojua. Asiyekunywa kabisa hatapungukiwa na safari hii: mafuta ya zeituni na jibini ya maziwa ya kondoo ya Pienza huonjwa kwa uzito uleule.

Inasaidia kujua unachokutana nacho na wapi. San Gimignano ni mji wa Vernaccia, mvinyo mweupe uliokuwa wa kwanza Italia kupewa hadhi ya DOC, yaani utambulisho rasmi wa asili ya mvinyo, mwaka 1966. Kuelekea Siena utakutana na Chianti Colli Senesi, ambao usiuchanganye na Chianti Classico wenye alama ya jogoo mweusi, unaotoka vilima vya kaskazini zaidi. Kutoka Buonconvento unaweza kupanda basi hadi Montalcino, nyumbani kwa Brunello, uliotengenezwa kwa Sangiovese pekee na usioruhusiwa kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Bei yake hulingana na subira hiyo. Kwa anayeanza, Rosso di Montalcino ni chaguo la busara zaidi, kwa kuwa ni zabibu ileile, hutoka mapema na hugharimu kidogo. Montepulciano una Vino Nobile, ambao nao msingi wake ni Sangiovese. Mvinyo uitwao Montepulciano d'Abruzzo ni wa mkoa mwingine na wa zabibu nyingine kabisa. Chupa utakazonunua ziende kwenye begi la kupakiwa ndani ya ndege, au uliombe duka likutumie, mradi sheria za forodha za nchi yako zinaruhusu.

Mzigo, chakula na mwili

Mzigo wa mgongoni usizidi asilimia 10 ya uzito wako. Zipo kampuni zinazohamisha mabegi kutoka nyumba ya wageni moja hadi nyingine, na kuzitumia hakupunguzi thamani ya safari. Viatu viwe vimeshavaliwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Mara unaposikia mahali panawaka ndani ya soksi, simama papo hapo upafunike kwa plasta, usingoje lengelenge lijitokeze.

Beba lita mbili za maji. Chemchemi za mjini zenye maandishi "acqua potabile" ni salama, na zenye "non potabile" si za kunywa. Migahawa mingi hufunga jikoni kati ya saa 8 na nusu mchana na saa 1 na nusu usiku, kwa hiyo mkate na jibini ya akiba ni lazima. Hati ya mahujaji iitwayo "credenziale", unayopigiwa mihuri kila kituo, hukuwezesha kulala katika nyumba za mahujaji kwa bei nafuu. Kwa dharura piga 112.

Mwisho wa safari unahitaji mpango wake, kwa sababu mji wa Montepulciano uko juu na treni za kwenda Roma na Firenze zinapitia Chiusi, ambako hufikiwa kwa basi. Tiketi ya basi inunuliwe kabla ya kupanda, kwenye duka la sigara au la magazeti. Jumapili mabasi huwa machache mno, hivyo usiruhusu siku ya kuondoka iangukie Jumapili ikiwa una ndege ya kuwahi.