Kabla ya Kuchomeka Kitu cha Tatu kwenye Ekstensheni

Stima ya nyumbani kwetu Kenya ni ya volti 240, na fyuzi kubwa kabisa ya plagi ni ya amp 13. Zidisha: wati 3,120. Hicho ndicho kipimo cha ekstensheni nzima, hata iwe na matundu sita.

Geuza kila kifaa usome wati zake. Tivii na chaja zisikusumbue. Ogopa vinavyotoa joto: birika, pasi, hita, koili. Kila kimoja kipe soketi yake ukutani.

Plagi ya miguu miwili isisukumwe kwa kalamu. Nunua adapta.

Shawa ya umeme hula amp 20 na zaidi. Inataka waya wake mnene na breka yake, ile swichi inayojizima stima ikizidi. Ikiwa imeungwa kwenye waya wa taa, usiioge.

Sasa fyuzi. Hapa nisikilize vizuri.

Nyumba tuliyopanga Free Area, Nakuru, ilikuwa na soketi moja kila chumba. Baridi ya Julai ilikuwa kali, kwa hivyo kila alfajiri ekstensheni moja ilibeba birika la wati 2,000, koili ya maji ya kuoga ya 1,500 na hita ya 2,000. Jumla 5,500, karibu amp 23. Fyuzi haikatiki papo hapo. Ile yetu ilivumilia asubuhi kadhaa, kisha ikaungua. Nikafungua plagi, nikachomoa nyuzi za shaba kwenye waya mkuukuu, nikazifunga mahali pa fyuzi. Stima ikarudi, nikafurahi.

Siku ya tatu mdogo wangu alipiga yowe. Waya ulipita chini ya godoro lake. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kumganda kwenye kifundo cha mguu. Nilishika ndoo ya maji nimwage. Mama jirani akanifokea niiweke chini, akakimbilia swichi kuu akazima. Breka haikuwa imeshuka. Ilikuwa ya amp 32, na kazi yake ni kulinda waya ulio ndani ya ukuta. Waya mwembamba wa ekstensheni unalindwa na ile fyuzi ndogo tu, na mimi ndiye niliyeiondoa. Kovu analo hadi leo.

Weka fyuzi za akiba nyumbani. Palipoandikwa 5 usitie 13. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote kabla ya kuitumia, la sivyo inajipika yenyewe. Isipite chini ya zulia wala godoro. Pasi ikishafanya kazi dakika kumi, izime ukutani, uguse plagi. Ikiwa moto, usiiwashe tena, ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Radi ikianza, na kwetu magharibi huanza bila hodi, chomoa tivii. Mikono ikiwa na maji, usiguse swichi. Na harufu ya plastiki ikikujia usiku, amka uitafute inakotoka.