Kabla hujachomelea fremu ya ndege yako

Wenzangu mnaojijengea ndege hapa Uganda, nendeni Katwe, mtaa wa Kampala wenye mafundi wa kuchomelea mageti, mkajifunze mkono kwao, ila msiishie hapo. Geti ni chuma kizito na huchomelewa kwa umeme. Bomba la fremu ya ndege, la chuma cha 4130 (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni), lina ukuta wa milimita 0.9 hivi, hutoboka ukizubaa kidogo tu, kwa hiyo anzeni na gesi: oksijeni na asetilini. Ukiona utando mweupe umerefuka mbele ya koni ya ndani ya mwali, asetilini imezidi. Rekebisha mpaka utando uishie kwenye koni.

Uzuri wa nje hautoshi. Kata kiungo cha mazoezi kwa msumeno wa chuma utazame kama chuma kimeyeyuka hadi ndani. Kingine kibane kwenye jiliwa, ukipinde mpaka kishindwe; kikiachia kwenye mshono wenyewe, bado hujaiva. Fanya hivyo kwa vipande vingi, usione uchungu wa kuvikata.

Chomelea pasipo upepo, na usimwagie kiungo maji, kwani chuma hiki kikipoa ghafla hupasuka. Mabomba ya maji yenye zinki msiyafanyie mazoezi, moshi wake ni sumu.