Mwaka wa kujitolea kwenye chekechea Ujerumani: jinsi ya kuishi nao siku kwa siku

Ukiwaambia watu unaenda Ujerumani kujitolea na watoto wanadhani utakuwa unacheza mwaka mzima. Kucheza kupo, sikatai, ila sehemu kubwa ya siku ni zipu, kamasi, kufuta meza, na kumsubiri mtoto mmoja avae soksi mwenyewe wakati wenzake wote wameshajipanga mlangoni wanapiga kelele. Hapa siongelei jinsi ya kuomba nafasi, naongea na wewe ambaye umeshaipata au umebakiza visa tu, na unataka kujua siku inaendaje na ufanye nini usije ukachoka mwezi wa tatu. Kama huna muda wa kusoma yote chukua hili moja: watoto hawajali Kijerumani chako kibovu, wanachojali ni kama wanaweza kukutabiri, yaani kama jana ulisema hakuna kurusha mchanga basi na leo useme hivyohivyo kwa uso uleule.

Tuanze na makaratasi maana bila hayo hata mlangoni hupiti. Wengi wetu tunaingia kupitia Bundesfreiwilligendienst, yaani utumishi wa kujitolea wa serikali kuu, kwa kifupi BFD, na anayefanya wanamwita Bufdi. Ilianza Julai 2011, kipindi kilekile Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima, kwa sababu vijana waliokuwa wanakataa bunduki ndio walikuwa wanasaidia hospitalini na kwenye vituo vya wazee, sasa wakaisha ghafla. Kuna na weltwärts, mpango wa kujitolea wa wizara yao ya maendeleo, ambayo tangu 2013 inaleta pia vijana kutoka nchi zetu kwenda kwao, sio wao tu kuja kwetu. Usichanganye na au pair, au pair anaishi na familia na kulea watoto wa familia hiyo, wewe unaenda kazini kituoni, unarudi kwako.

Chanjo ya surua ndio inawakwamisha watu. Tangu Machi 2020 ni sheria, yeyote aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi kwenye kituo cha watoto lazima aonyeshe kinga, na kwa kijana maana yake ni dozi mbili zilizoandikwa mahali. Kusema tu kwamba ulichanjwa utotoni hakusaidii, leta kadi, na kama kadi ilipotea kachanje upya kabla ya safari. Cheti cha polisi pia utaombwa, fuata maelekezo ya shirika lako, lile linalokupeleka. Ukishafika una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na pale wanataka karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umehamia, kwa hiyo hiyo karatasi uidai siku unayopokea funguo, usingoje, kwa sababu akaunti ya benki na mengine mengi yanasubiri hapo.

Siku zako za kwanza kituoni: kaa chini. Namaanisha chini kabisa, sakafuni, karibu na pale wanapojenga matofali yao, usiseme sana, shika kitu na wewe ujenge chako. Usimfuate mtoto, usimbebe, usimshike mashavu hata awe mzuri namna gani. Angalia walezi wenyewe wanavyowapokea watoto wapya, kuna utaratibu vituo vingi wanaufuata unaitwa modeli ya Berlin, mzazi anakaa chumbani na mtoto siku tatu za mwanzo bila kuachana kabisa, na kuanzia siku ya nne ndio wanajaribu mzazi atoke dakika chache waone. Sasa kama mtoto anapewa muda wote huo kuizoea sura ya mlezi mmoja, wewe mgeni unataka akupende Jumanne? Mwingine atakwambia uondoke, tena kwa sauti. Sogea kidogo, endelea na matofali yako. Huyohuyo ndio baada ya muda atakuja na kitabu akakae mapajani mwako bila hata kukuuliza.

Na watakuita jina lako kavu. Mtoto wa miaka mitatu anakuita jina kama mlizaliwa pamoja, na wewe unamwita mkuu wa kituo jina lake vilevile kama amekuruhusu, ndivyo walivyo, sio dharau. Kwa wazazi tumia Sie, ile wewe ya heshima ya Kijerumani, mpaka wenyewe waseme vingine.

Lugha. Mimi nasema acha kwanza vitabu vikubwa vya sarufi, jifunze sentensi za kituoni: osha mikono, vua viatu, twende nje, ngoja zamu yako, nani anasaidia kupanga meza. Zinajirudia kila siku saa ileile kwa hiyo zinaingia zenyewe. Duara la asubuhi, Morgenkreis, ni darasa la bure kabisa, nyimbo zilezile, siku za wiki, hali ya hewa, nani hajaja leo, usikae pembeni na simu, imba hata kama unakosea. Watoto watakusahihisha hapohapo bila kukuonea aibu na bila kukucheka sana, tofauti na watu wazima ambao wanabadilisha kwenda Kiingereza ukisita kidogo tu (waombe wasifanye hivyo). Halafu zoea kusema kinachotakiwa badala ya kukataza, maana ukipiga kelele usikimbie mtoto anasikia kimbia, lakini ukisema ndani tunatembea anajua miguu yake ifanye nini.

Kutoka nje ndio kazi yenyewe. Wanatoka mvua inyeshe au theluji ianguke, kila mtoto ana suruali yake ya matope inaitwa Matschhose na buti za mvua, na kuvalisha kundi zima ni kazi inayohitaji akili kuliko nguvu. Choo kwanza. Narudia, choo kwanza, kabla ya chochote, la sivyo mtoto ameshavaa tabaka nne ndio anakumbuka. Halafu suruali ya matope, buti, koti, kofia. Koti kuna mbinu, lilaze sakafuni limefunguka, shingo ya koti iwe upande wa miguu ya mtoto, ainame aingize mikono yote miwili halafu alirushe kichwani kwenda nyuma, limevaliwa. Mtoto wa miaka mitatu anaweza na anajisikia mfalme. Usimvalishe kwa sababu unaona anachelewa, hilo wenzako hawatalipenda, kwao kumwacha mtoto ahangaike na kifungo ni sehemu ya malezi na sio uvivu wa mlezi, na kiukweli baada ya wiki kadhaa unaona matunda yake maana unabaki na wale wadogo tu wa kuwasaidia. Wewe mwenyewe pia vaa vizuri, utasimama kwenye mchanga saa nzima au zaidi huku wao wanakimbia na hawasikii baridi.

Sasa mipaka, hapa soma polepole. Kumpiga mtoto, kumfinya, kumvuta mkono kwa hasira, hakuna kabisa, na sio suala la mtindo wa malezi, tangu 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili wowote na hiyo inawafunga hata wazazi, seuze wewe. Kumfedhehesha mbele ya wenzake pia imo humo. Mtoto asiyetaka kula halazimishwi kumaliza sahani. Picha: usipige kwa simu yako, usiweke status, hata ile ya mgongoni ambayo sura haionekani, ukitaka kumbukumbu muulize mkuu wa kituo. Kumbatio linatoka kwa mtoto, analia akaja kwako mpokee, ila wewe usiende kuomba busu. Kubadilisha nepi na kupeleka chooni usifanye mpaka uambiwe rasmi kwamba sasa unaruhusiwa, vituo vingi vinataka watoto wakuzoee kwanza. Na mtoto akikwambia jambo la nyumbani lililokushtua, au ukaona alama mwilini, usimhoji, msikilize, yaandike maneno yake kama alivyoyasema, mpelekee mlezi wa kundi au mkuu siku hiyohiyo. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu.

Wakigombana usianze kutafuta mwenye kosa. Piga magoti kati yao, zuia mkono unaopiga, sema ulichoona tu: wewe ulikuwa na gari, na wewe unalitaka. Ngoja. Mara nyingi wanamalizana wenyewe na wewe umebaki pale na pole zako. Akiuma mwenzake, aliyeumwa ndio wa kwanza kuhudumiwa, na ripoti kwa mlezi hata kama alama ni ndogo maana mzazi ataiona jioni akiwa anamwogesha.

Kuna hili la uhaba wa wafanyakazi, na ni kweli upo, mlezi mmoja akiumwa siku nzima inayumba. Utaombwa ubaki na kundi peke yako dakika kumi, kesho nusu saa. Kataa kwa upole ila kataa. Kisheria anayejitolea anasaidia, hazibi nafasi ya mtu wa mshahara, na dhamana ya usalama wa watoto ni ya walezi waliosomea kazi. Sema tu hivi, mimi nafurahi kusaidia lakini sijapewa ruhusa ya kukaa na kundi peke yangu, tumuulize mkuu. Kila kituo kinakupa mtu wa kukuongoza, mwombe mkae mara moja kwa wiki hata dakika ishirini, mambo yanayokukera yapeleke pale mapema kabla hayajawa kinyongo. Ikishindikana mpigie mtu wa shirika lako, ndio kazi yake. Halafu mna siku 25 za semina kwa mwaka mzima, zinahesabika kama kazi, na pale ndio utakutana na vijana wenye maswali kama yako. Usizikwepe.

Utaumwa. Baridi ya kwanza na watoto ni mafua juu ya mafua, siku wakikuachia mafua wanakuletea tumbo. Osha mikono ukifika, kabla ya chakula, baada ya kila pua uliyofuta. Ukiamka mgonjwa piga simu kituoni kabla zamu yako haijaanza, usitume ujumbe saa nne asubuhi, na uliza mapema karatasi ya daktari wanaitaka kuanzia siku ya ngapi, sheria inaitaka ukipitisha siku tatu lakini kituo kinaweza kuitaka hata siku ya kwanza. Kama ni tumbo vituo vingi vinataka saa 48 bila dalili ndio urudi, usijifanye shujaa. Usiku au wikiendi daktari anapatikana kwa 116117, na dharura ya kweli ni 112.

Pesa haitakutajirisha. Dari la posho ya BFD kwa 2025 lilikuwa euro 644 kwa mwezi na wengi wanapata chini yake, ila bima ya afya umelipiwa. Maduka Jumapili yamefungwa, nunua Jumamosi. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zirudishe, senti 25 kila moja, zinajumlika. Ikija barua ya ada ya redio na televisheni usiitupe ukidhani ni tangazo, ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima na sio kwa kichwa, kwa hiyo uliza mnaoishi nao kama kuna mtu anailipa tayari, kama yupo jibu barua kwa kuandika namba yake ya kulipia ada hiyo.

Wikiendi ni ngumu kuliko siku za kazi, hili sikulisikia kwa mtu kabla. Jumatatu mpaka Ijumaa una kelele za kutosha, Jumamosi ghafla kimya, na Desemba pale Berlin jua linachomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, ukiamka umechelewa siku imeisha. Jiandikishe mapema kwenye klabu ya mtaani, mpira, kwaya, chochote chenye siku maalumu na watu walewale, maana Wajerumani wengi urafiki wao unakuja kwa kuonana mara kwa mara mahali pamoja, sio kwa kugongeana mlango. Kituoni nako msimu huo una raha zake, tarehe 11 Novemba watoto wanatembea gizani na taa walizotengeneza wenyewe, 6 Desemba wanakuta zawadi kwenye buti zao. Jitolee kusaidia kutengeneza taa, mikono ikiwa na gundi lugha inatoka yenyewe.

Ukikaribia kuondoka usipotee kimyakimya, wala usiwaambie watoto miezi miwili kabla, kwao huo ni umilele. Wiki mbili zinatosha, chora kalenda yenye siku zilizobaki, kila asubuhi mmoja anafuta siku kwenye duara. Watakaokasirika waache wakasirike. Cheti cha utumishi ni haki yako, kiombe wiki kadhaa kabla na useme unataka chenye maelezo ya kazi ulizofanya na jinsi ulivyozifanya, sio kile cha tarehe tu, halafu kisome kabla hujatoka maana kurekebisha ukiwa umeshavuka bahari ni barua pepe zisizojibiwa. Ofisi ya wakazi unaweza kujifuta kuanzia wiki moja kabla ya kuhama, karatasi watakayokupa itunze, utaihitaji kuvunja mkataba wa simu na bima.