Tisha B'Av katika nyumba unayofanyia kazi

Asubuhi yangu ya kwanza ya Tisha B'Av, siku ya Wayahudi ya kufunga na kuomboleza, niliingia chumbani kwa bibi niliyekuwa nikimtunza, nikamwamkia kwa Kiebrania kama kawaida: "Boker tov!" yaani habari za asubuhi. Hakuitikia. Alikuwa ameketi sakafuni, kitabu cha Maombolezo mapajani. Nilihisi nimemkosea, na siku nzima nilitembea na dukuduku hilo. Binti yake ndiye aliyenieleza jioni: siku ile hawasalimiani.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetunza wazee wa Kiyahudi, uwe Israeli, London au New York, ingia nyumba hiyo kama unavyoingia kwenye matanga. Sauti chini, muziki uzime, na usishangae watu kukaa chini. Wanaombolezea Hekalu la Yerusalemu: la kwanza walilibomoa Wababeli mwaka 586 KK, la pili wakalichoma Warumi mwaka 70 BK. Wengi hukumbuka pia Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492.

Siku yenyewe ni tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda ya Kiyahudi, kati ya Julai na Agosti. Mwaka 2026 inaanza jioni ya Jumatano, 22 Julai. Tarehe 9 ikiwa Sabato, mfungo husogezwa hadi Jumapili.

Sisi tuliokulia karibu na Ramadhani tuna mazoea ya daku. Hapa hakuna daku. Mfungo huanza jua likizama na kwisha usiku wa kesho yake, yapata saa 25 bila chakula wala tone la maji. Basi mnyweshe mzee maji kidogo kidogo mchana kutwa kabla ya jioni hiyo. Mlo wa mwisho ni mkate na yai la kuchemsha, na wengine huchovya kwenye majivu. Usimwandalie kuku, nyumba nyingi huwa zimeacha nyama na divai tangu mwezi wa Av ulipoandama, isipokuwa siku ya Sabato.

Hawaogi, hawajipaki mafuta, wala hawavai viatu vya ngozi, kwa hiyo mwekee raba za kitambaa au ndara karibu na kitanda. Lakini mzee akijichafua, msafishe. Kinachokatazwa ni kuoga kwa starehe, si kuondoa uchafu.

Linalonikosesha usingizi ni afya. Ni kiangazi, na mzee wa miaka themanini mwenye kisukari au anayemeza dawa za kukojosha anaweza kuzidiwa kabla ya adhuhuri. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kula. Ila wapo wazee wanaoona aibu kula siku hiyo, na wewe huna mamlaka ya kuwaamulia. Wiki moja kabla, iombe familia izungumze na daktari na rabi, wakuachie maagizo kwa maandishi: dawa gani, saa ngapi, na maji kiasi gani. Siku ya mfungo mwangalie midomo, mkojo na maneno yake. Akianza kizunguzungu au kuchanganyikiwa, usisubiri nyota zitoke. Piga simu ya dharura, kisha familia.

Wewe hulazimiki kufunga. Kula, ila si mbele yake, na taratibu za kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, jikoni ziko palepale. Tofauti na Yom Kippur, mfungo wao mwingine mkubwa, taa zinawashwa, simu zinatumika, na Israeli mabasi yanatembea. Mikahawa mingi huko hufungwa jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa hiyo nunua chakula chako mapema.

Baada ya adhuhuri watainuka sakafuni wakae vitini. Mfungo bado, usikimbilie kuchemsha chai. Usiku ukishaingia mpe maji kwanza, kisha kitu laini. Nyama husubiri hadi adhuhuri ya kesho yake, na kufua pia, kwa hiyo lile tenga la nguo chafu liache usiku huo.