Shule yenu inafika miaka 50? Tafuteni watu kwanza, turubai baadaye

Wadau habari zenu. Wengi mmeniuliza tulifanyaje maadhimisho ya shule yetu, naweka somo lote hapa mara moja.

Shule za msingi kibao Tanzania zinafika miaka 50 kipindi hiki na sababu yake inajulikana, Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, basi vijiji vikafyatua matofali, na walimu hawakutosha ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu hukohuko wakiwa kazini, ndio wale walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1976 sasa hivi yuko kwenye 70. Watu hao bado tunao ila wanapungua kila mwaka, ndio maana nawaomba muanze na wao.

HATUA YA 1: orodha
Kamati ikae na wazee wa kijiji, na msianze na walimu wakuu, hao wameandikwa ubaoni pale ofisini tayari. Ulizeni nani alitoa eneo, nani alichota maji ya kufyatulia matofali, nani alipika uji, nani alikuwa anagonga kengele. Kengele yetu ni ringi ya lori imening'inizwa kwa waya kwenye mwembe, ukiishika chini unakuta kibonyeo kinaingia kidole gumba kabisa, pale nondo ilipokuwa inagonga siku zote. Mlinzi aliyeigonga miaka 26 hakuwa kwenye orodha yoyote. Tulipofanya miaka 40 risala ilitaja viongozi wote mpaka wa wilaya, yeye kasimama nyuma kabisa kashika baiskeli yake. Risala ile niliandika mimi na mpaka leo inaniuma.

HATUA YA 2: makaratasi
Rejesta, kitabu cha wageni, mihtasari ya vikao, na lile daftari la matukio ya shule. Pigeni picha ukurasa mmoja mmoja mchana kweupe, mhifadhi kwenye simu zaidi ya moja, maana mchwa hawasubiri sherehe. Angalieni na mwandiko, ukibadilika ghafla ujue mtu mpya kaingia, mtafuteni ni nani.

HATUA YA 3: kwenda kwa wazee
Hapa ndio kazi yenyewe, msiiharakishe. Waende wawili tu, mkienda kumi mzee anaanza kuhutubia. Na msiende mikono mitupu, chukueni picha ya zamani au rejesta, kwa sababu ukimwambia "tueleze historia ya shule" atakupa maneno ya mkutanoni, lakini ukimwekea majina mbele anaongea mwenyewe. Mwalimu wetu mmoja mstaafu tulimpa rejesta ya 1979, akavaa miwani, akashuka na kidole taratibu mpaka jina la binti mmoja akasimama hapo, akasema huyu alikuwa anakuja na mdogo wake mgongoni, nikamwambia amlaze nyuma ya darasa kwenye kanga yangu. Hilo huwezi kulipata kwenye faili lolote.

Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, muulizeni nini kisitajwe, na mkishaandika mrudi mkamsomee.

HATUA YA 4: kuandika
Cheo na miaka havitoshi, andikeni mtu alifanya nini. Chukua mfano wa Carey Francis wa shule ya sekondari ya Alliance kule Kikuyu, Kenya. Ukiandika "mwalimu mkuu 1940 hadi 1962" hujasema kitu. Lakini ukisema huyu aliacha kufundisha hesabu Cambridge akaja shule ya Maseno, Kenya, 1928, akaongoza Alliance miaka 22, na alipostaafu hakurudi kwao kupumzika bali alikwenda kufundisha vijana wa Pumwani, Nairobi, akafariki 1966 akiwa bado mwalimu, hapo msomaji kamuona mtu.

HATUA YA 5: siku yenyewe
Bajeti ianze na nauli za wazee. Viti vya mbele vyao. Majina yasomwe na wanafunzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ofisi yetu iliungua, hatuna rejesta hata moja. Tunapataje miaka?
Jibu: Vyeti vya darasa la saba viko majumbani, anzeni navyo. Halafu msimuulize mzee mwaka, muulizeni ilikuwa kabla au baada ya vita vya Kagera, Waziri Mkuu Sokoine alipofariki 1984 ulikuwa umeshahamia hapa? Linganisheni watu watatu mtaona miaka inajipanga.

Swali: Shule yetu haijatoa mtu maarufu, tutasema nini?
Jibu: Mwisenge ya Musoma inatajwa kwa sababu Nyerere alianza shule pale 1934, sawa, lakini kuna mwalimu aliyemshikisha kalamu siku ya kwanza. Nyie mnaye wa kwenu, mtafuteni huyo.

Swali: Kuna mwalimu alikuwa anapiga mpaka watoto wakaacha shule. Naye tumsifie?
Jibu: Hapana. Aliyoyajenga yaandikwe, na waliofukuzwa na fimbo yake nao wasikilizwe, wakiridhia muandike. Kumsifia wakati walioumia wamekaa palepale ni kuwaumiza mara ya pili.

Swali: Viongozi wakikasirika wazee wakikaa mbele?
Jibu: Mwambieni mgeni rasmi mapema. Wetu aliposikia alisogea mwenyewe mstari wa pili.

Swali: Na yule mlinzi wa kengele bado yupo?
Jibu: Yupo. Miaka 50 tulimleta kwa bodaboda, tukampa nondo afungue sherehe. Akaishika ringi kwanza, akapapasa pale kwenye kibonyeo, halafu akatugeukia akauliza, "nigonge ya kuingia au ya kutoka?" Uwanja mzima watu wazima wakajibu ya kuingia, na kabla hajamaliza kugonga walikuwa wameshaanza kupanga mstari.